Mbolezi ya Mama Zuurakan

Kwa miaka thelathini na moja Gulaiym alikusanya vilio vya watu. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya na taasisi moja kule Bishkek, mji mkuu wa Kirgizi: kupanda milima ya Naryn na kinasa sauti, kuwabembeleza vikongwe wamwimbie mbolezi walizowatungia wafu wao. Wengi walimtimua.

"Mbolezi haiimbwi bila maiti, dada. Unanitafutia msiba?"

Alirudi na chai na sukari mpaka wakalegea. Akapata mbolezi mia nne na kumi na mbili, akaziandikia kitabu kinene, akieleza jinsi mwanamke wa Kikirgizi anavyopewa siku moja tu ya kusema ukweli wake mbele ya watu, nayo ni siku ya kufiwa. Msomi kwelikweli! Kwa mama yake mzazi alikwenda mara moja kwa mwaka, na miaka mingine hakwenda kabisa.

Mama huyo, Zuurakan, akafa mwezi wa Novemba. Hema la sufu likasimamishwa uani, maiti akalazwa nyuma ya pazia, wanawake wakaketi kuuelekea ukuta wa hema. Wageni wakifika, binti wa marehemu ndiye wa kuanza, na binti alikuwa Gulaiym peke yake.

"Haya anza, watu wameshafika," Uulkan, mke wa binamu yake, alimnong'oneza.

Gulaiym akafungua kinywa aanze. Vina alivijua, mizani aliijua. Lakini mbolezi humtaja marehemu mwenyewe: alipenda nini, alichekaje, mikono yake ilizoea kazi gani. Mama alipenda nini? Hakujua. Hakuwahi kumuuliza, maana mama hakuwa mwimbaji.

"Anza, bibi wee, tunaaibika! Watasema marehemu hana mtu," Uulkan alimhimiza.

Kwa hofu akashika ile mbolezi aliyokuwa akiwafundishia wanafunzi wake, aliyoinasa kwa mwanamke wa bonde la mbali. Akamsifu mama hodari wa farasi, mfumaji wa mazulia mekundu. Sauti yake ilitoka nzuri ajabu. Alikuwa katikati ya ubeti alipokumbuka kwamba Zuurakan alikuwa kiwete tangu utotoni, na farasi hakuwahi kumpanda. Wanawake wakaanza kutazamana.

"Huyo ni mama yangu!"

Alikuwa Batma, jirani mzee aliyeolewa hapo kutoka bonde hilohilo.

"Dada yangu marehemu ndiye aliyemtungia mama yetu maneno hayo! Wewe umeyatoa wapi? Ee mama, mama yangu wee!"

Akaangua kilio. Wenzake wakamkumbatia, nao wakalia naye, kilio cha kweli, cha kwanza tangu asubuhi. Gulaiym akaona aibu hata akatamani yeye ndiye angekuwa nyuma ya lile pazia.

Wanaume wakaingia kuchukua maiti. Hema zima lilikuwa likimlilia mama yake Batma, aliyezikwa miaka ishirini nyuma. Zuurakan akapitishwa katikati yao, akatolewa nje, na hakuna aliyekuwa amemtaja hata mara moja.