Taji la Miale

Sarafu ya mama ilikuwa imeshanunuliwa mara mbili kanisani kama dinari, kabla sijaishika na kuona kwamba si dinari.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno, kwetu Kianjokoma. Baada ya ibada, vilivyotolewa hunadiwa: mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, majogoo. Anayenunua mara nyingi hurudisha kitu mbele kinadiwe upya, hivyo jogoo mmoja huweza kuuzwa mpaka achoke kuwika. Safari hii mama alitoa sarafu ya fedha aliyoachiwa na marehemu baba, ambaye alipewa na padri mgeni alipokuwa mpishi wake. Padri alisema ni ya Kirumi, hakuongeza neno. Jina la dinari tulilitia wenyewe nyumbani, kwa kuwa pesa ya Kirumi tuliyoijua ni ile waliyolipwa vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili.

Ilipitishwa kwenye viti watu waione, ikanifikia.

Mimi naishi mjini Embu, mtaa wa Majimbo, na nilikuwa nimeanza majuzi kukusanya sarafu za kale. Kinachomsumbua anayeanza ni kwamba nyingi haziandikwi thamani yake. Unatazama madini, unapima uzito, unatazama kichwa. Kwa Wagiriki, oboli sita zilifanya drakma moja, na drakma nne zikafanya tetradrakma, ile nene na nzito. Warumi walikuwa na asi ya shaba. Asi nne ni sestersi moja, sestersi nne ni dinari ya fedha. Kwenye dinari, kaisari kwa kawaida huvaa taji la majani. Akivaa miale kama ya jua, huenda umeshika pesa ya maradufu: dupondi, yaani asi mbili, au ile ya fedha iliyokuja karne mbili na zaidi baada ya Yesu.

Kaisari wa mama alikuwa na miale.

Mama ndiye hupima maziwa kwenye kituo cha wakulima. Akisema yana maji, mtungi unarudi na mwenyewe, wala hakuna anayebisha. Wengi waliowahi kurudishiwa mitungi walikuwa wamekaa mle ndani.

Nikamnong'oneza. "Mama, hii si dinari. Ni ya baadaye sana."

Hakugeuka. "Una hakika?"

Nikamwonyesha miale. Mbele, mzee wa kanisa alikuwa ameanza mnada wa tatu, akiuliza nani atamzidi mwalimu. Huyo alikuwa mwalimu mstaafu anayefundisha watoto Jumapili. Aliitaka awaonyeshe dinari yenyewe. Mtu akasema mwalimu akiipata aende akalime mizabibu siku nzima. Watu wakacheka.

Mama aliniuliza kama kuna mwingine mle ndani ambaye angejua. Nikamwambia sidhani.

Alikunja ncha ya leso. Kisha akasimama, kama anavyosimama mbele ya mitungi.

"Mzee, ngoja. Hiyo si dinari. Mtoto wangu anazijua hizi vitu. Mimi nilikosea."

Mama mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye maziwa yake yalikataliwa wiki ile, akasema taratibu, "Leo mtungi wako ndio umerudi."

Waliocheka walikuwa wachache. Mama alibaki amesimama.

Mwalimu hakumtazama yeye. Alinigeukia mimi. "Haya, kama si dinari, ni nini? Niwaambie watoto inaitwaje, na ni ya kununua nini?"

Wakusanyaji huiita antoniniano, lakini jina hilo limetokana na maandishi ya baadaye. Wengi hukisia ilikuwa dinari mbili. Hakuna andiko la wakati wake linalothibitisha. Waliokwenda nayo sokoni waliiitaje, hakuna ajuaye kwa hakika.

Mama alikuwa bado amesimama, akisubiri nijibu.