Saa Moja na Nusu Hadi Songea

Binti yangu alipojifungua Songea, mama yangu alitangaza kutoka nyumbani kwake Kibosho kwamba atakwenda kumlea. Kwetu mzazi hulazwa, hukandwa na hulishwa na mama yake mpaka nguvu zimrudie. Mke wangu alikwisha kufariki, hivyo zamu ilimwangukia bibi, na sikuwa na mwingine wa kumtuma. Tatizo lilikuwa nyonga yake. Safari ya basi kutoka Moshi hadi kusini kabisa mwa nchi asingeiweza, na mwenyewe alijua.

Nikatafuta kwenye simu umbali kati ya kiwanja kidogo cha ndege cha Moshi na kile cha Songea. Jibu lilikuja papo hapo: angani ni kama saa moja na nusu. Nikampigia kumweleza.

Jumamosi nilipanda Kibosho nikiwa na habari nyingine, niliyoipata kwa wakata tiketi. Nilimkuta jikoni. Alikuwa amepika mtori wa ndizi na nyama ya mfupa, akaujaza kwenye chupa ya chai na kuiviringisha khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Onja. Mtori huu umekaa humo saa moja na nusu."

Nilionja, ukaniunguza ulimi.

"Umeona? Mjukuu wangu atakula mtori uliotoka jikoni kwangu!"

Ilinibidi niseme. Muda ule ulikuwa wa mstari ulionyooshwa juu ya ramani, wala hakuna ndege ya abiria inayoufuata. Tungeshuka kwa gari hadi kiwanja kikubwa cha ndege cha mkoani, turuke hadi Dar es Salaam, tungoje, ndipo tupate ndege ya Songea. Siku nzima ingekwisha.

Akaifunga chupa taratibu. Nilidhani safari imekufa.

"Sasa hiyo saa moja na nusu anaisafiri nani?"

"Hakuna, mama. Imepimwa tu."

"Mmesoma mpaka chuo kikuu, mnapima njia isiyopitika!" Alicheka mpaka akashika nyonga. Kisha akauliza kwa makini, "Huko Dar, nikichoka kukaa, nitaruhusiwa kutembea?"

"Utatembea utakavyo."

"Basi nitafika. Basi la barabarani ndilo lingeniua, mguu umekunjwa kutwa. Nenda kakate mkungu wa ndizi, tutapika huko huko."

Nimeutafakari mara nyingi uamuzi ule. Mimi nilihesabu urefu wa njia. Yeye alitafuta humo mahali pa kunyoosha mguu, na alipopaona hakuogopa tena urefu wake.

Tulifika Songea jua likielekea kuzama. Mama alinawa mikono, akaingia chumbani akichechemea, nami nikamfuata.

"Wewe unakwenda wapi? Huku ni kwa wanawake!"

Nikaketi barazani na mume wa binti yangu, wote wawili hatuna kazi. Ndani binti yangu alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na mama akiuliza kwa sauti ya mwenye nyumba kisu cha kumenyea ndizi kinawekwa wapi.