Siku Niliyomgawia Inspekta Ng'ombe

Marafiki, aibu hii nimechoka kuibeba peke yangu, kwa hiyo ngoja niwasimulie, mcheke mmalize, tusiirudie tena: mimi, mwalimu wa darasa la tano hapa Mabanga, nisiye na hata kuku, nilimgawia inspekta wa shule ng'ombe mbele ya wazazi wote.

Tulikuwa na saa ya utamaduni kila Jumamosi. Wazazi walikuja kufundisha wanachokijua, mmoja vikapu, mwingine ngoma, na Muzee Sebahizi, mfugaji aliyeteremka kutoka milima ya Masisi, aliwafundisha watoto kusifu ng'ombe kwa maneno matamu, kama wanavyofanya kwao wakati wa mahari. Aline, msichana ambaye sauti yake sikuwahi kuisikia darasani, hapo ndipo alipofungua mdomo. Kwa ajili yake tu ningeipigania ile saa hadi mwisho. Lakini Direkta, mkuu wa shule yetu, aliitaka iwe ya imla ya Kifaransa. "Madame Furaha," aliniambia, "batoto banakuja kusoma ao kuchunga ngombe?" Basi akamwita inspekta aje aone, aamue.

Muzee aliwazoesha watoto kusifu wakitazama ukuta. Siku ya mgeni, mimi (tulifundishwa kwamba mtoto hampi mgeni mgongo) nikamgeuza Aline amwelekee inspekta, nikamwambia akimaliza amkabidhi fimbo ya Muzee, ile anayochungia ng'ombe, kwa mikono miwili. Niliona itapendeza. Muzee, aliyeketi na wazazi, akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nikampelekea maji.

Aline akasifu pembe, akasifu mwendo, akatoa fimbo, na inspekta (hakuna aliyeniambia kwamba naye alizaliwa kwa wafugaji) akaipokea, macho yamelowa, akanyoosha mikono juu kama pembe na kupaza sauti: "Madame Furaha alinipa ngombe!" Wazazi wakasimama, wakapiga makofi na vigelegele, nami nikainama kama msanii, nasema asante, asante.

"Iko ya rangi gani, Madame?" akaniuliza.

Nikadhani anapima kama nimelisikiliza shairi. "Nyekundu, muheshimiwa, na iko na mimba."

Vigelegele vikaongezeka. Hapo Muzee akanivuta pembeni.

"Madame, unajua ulifanya nini?"

"Nilifanya nini tena, muzee?"

"Ukisifu ngombe mbele ya mutu na ukamupa fimbo, ulimupa ile ngombe. Na ulisema iko na mimba. Ni mbili hizo."

Nikageuka, nikamsikia inspekta akimweleza Direkta kwamba ana ndugu kule Kibati atakayemchunga huyo ng'ombe. Nikinyamaza, saa yetu imepona leo, lakini kesho mtu atakuja na kamba. Nikisema, namwaibisha mtu mzima aliyekwisha kushukuru mbele ya watu. Nikasema. "Muheshimiwa, unisamehe, ngombe haiko. Mimi ni mutoto wa balimaji ba Lubero, nilipanga mambo bila kuuliza."

Direkta akafunika uso. Inspekta akaitazama fimbo, kisha akamtazama Aline, ambaye alidhani kosa ni lake.

"Ni weye unajua hii yote, mutoto?"

"Ndiyo, Papa," akajibu, kwa sauti iliyofika hadi nyuma. "Na iko ingine ya ngombe mweusi, lakini hiyo sitasema nikikuangalia."

Inspekta akacheka hadi akakaa chini, na darasa zima likamfuata. Alipomaliza kujifuta machozi akamwambia Direkta, "Hii saa muiache iendelee," akamrudishia Muzee fimbo yake.

Nyumbani, mume wangu alikuwa ameshazisikia habari kwa majirani. "Iko na mimba?" alisema tu, akaenda kulala. Na inspekta, kila akipita shuleni, huniuliza kama ng'ombe wake amezaa. Nami humjibu, "Bado, muheshimiwa," na hata kucheka sina nguvu tena.

Tangu hapo, mzazi akija na jambo la kwao, simgusi mtoto wala kitu kabla sijauliza kinafanywaje na mbele ya nani. Juzi niliuliza mpaka mama wa vikapu akachoka: "Eh, Madame! Kikapu ni kikapu tu!"

Nikamwitikia. Kisha nikakiweka kile kikapu mezani, polepole, bila kumtazama mtu yeyote.