Kuku Niliowaokoa na Zizi la Jirani

Kuku wa kwanza nilimnunua kwa sababu alinitazama. Najua inavyosikika. Nilikuwa nimesimama nje ya geti langu hapa Bariadi, kanga kiunoni, mwalimu mstaafu mwenye muda mwingi kuliko akili, mchuuzi akapita na baiskeli akielekea mnadani. Kwenye usukani alikuwa amening'iniza kuku, miguu imefungwa kwa katani, vichwa chini. Tetea mmoja wa kijivu akainua shingo akanikazia jicho, kama mtoto aliyechapwa kwa kosa la mwenzake. Nikamsimamisha yule mchuuzi. Nikamnunua tetea, na kwa kuwa sikuwa na moyo wa kumwacha aliyefungwa naye, nikamnunua na huyo.

"Wa kitoweo, mwalimu?" akaniuliza.

"Wa kuishi," nikamjibu, kidevu juu.

Alicheka mpaka baiskeli ikayumba.

Siku ya mnada uliofuata alipita tena, safari hii polepole. Nikanunua watatu. Mnada mwingine wakapita wachuuzi wawili, halafu wanne. Mimi nikawa najisifu moyoni kwamba labda njia ya kwangu ndiyo ya mkato. Jirani yangu ndiye aliyenifumbua macho. Alisema mmoja wao hubeba kuku wake vizuri kabisa ndani ya tenga, wamekaa wima wanapepewa na upepo; akifika kwenye kona ya kwangu anashuka, anawatoa, anawafunga miguu na kuwaning'iniza, kisha anapita mbele ya geti langu akipiga kengele. Yaani kuku walikuwa wanateswa ili mimi niwaonee huruma. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nilisema, "Sasa hao ndio wanaohitaji kuokolewa zaidi."

Huyo jirani ni mama mjane, amenizidi umri kwa miaka mingi, na tangu nihamie hapa namwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Kati ya uwanja wake na wangu kuna ua wa minyaa wenye matundu ya kutosha kupitisha kuku, salamu na umbea. Nyuma ya nyumba yake kuna zizi tupu. Ng'ombe waliokuwa humo waliuzwa wote mume wake alipougua, na mume mwenyewe hakupona. Mayu alikuwa na kuku kumi na nne na mpango mmoja: kuku wawe mbuzi, mbuzi wazae, mbuzi wawe mtamba wa ng'ombe. Hakuwa na haraka. Alisema hataki utajiri, anataka tu asubuhi moja kabla hajafa aamke asikie kitu kinalia zizini. Kila jioni alifagia lile zizi kana kwamba mifugo imetoka malishoni na itarudi sasa hivi.

Mimi nilikuwa na mpango mkubwa zaidi, maana mimi nilikuwa na simu. Nilikuwa natazama video za watu wanaofuga kuku bila vizimba, bila dawa, bila kisu. Nikajipa kazi ya kuelimisha mtaa. Nilimweka mayu kwenye kiti nikamweleza kwa saa nzima kwamba kuku ni kiumbe, anahitaji kutembea, kuoga vumbi, kulala salama na kufa bila mateso.

Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akatazama kuku wake wanaotembea kutwa nzima, wanaooga vumbi chini ya mpapai, wanaolala jikoni kwake kwenye joto. "Mwalimu," akasema, "sasa mimi nibadilishe nini?"

Nikamwambia tutaendelea na somo siku nyingine.

Kuku wangu wakati huo walikuwa wamepita ishirini, na nyumba ilikuwa yao. Walikula choroko nilizopanda, walikula miche ya mchicha, wakataga ndani ya kabati la vyombo. Yule wa kijivu alikuwa anapanda mezani ninapokula ugali na kunisaidia. Nilinenepesha kuku, mwenyewe nikakonda.

Ikafika siku ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima. Hapa mtaani tunachanja kwa kushirikiana, kwa sababu kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikishafunguliwa hakiwekwi tena. Mtaalamu wa mifugo hawezi kukifungua kwa kuku kumi na nne. Mayu alikuja mwenyewe getini, amejifunga kanga vizuri kama mtu anayekwenda kuomba jambo kubwa. "Mwangaluka, mwalimu," akaniamkia kwa Kisukuma. "Wewe ndiye mwenye kuku wengi. Ukikubali, mtaalamu anakuja kesho."

Nikakataa. Jamani, nikakataa! Nilimwambia kuku wangu wametoka kwenye mateso, sitawakamata tena niwabane wakitetemeka. Nilimwonyesha ndoo yangu ya maji ya mwarobaini, shubiri mwitu na pilipili kichaa, mambo niliyoyaona kwenye simu. Nikamwambia hata kuku wake nitawawekea bure. Mayu akaitazama ile ndoo. Akasema, "Haya, mwalimu ndiye wewe," akaondoka. Mtaalamu hakuja.

Wiki mbili baadaye nilinunua jogoo aliyekuwa anasinzia kwenye usukani wa baiskeli. Nikadhani ana uchovu wa safari. Nikampa maji ya mwarobaini, nikamlaza kwenye boksi kando ya wenzake, nikamwimbia na wimbo. Kesho yake mabawa yamelegea, anakoroma, anaharisha kijani. Keshokutwa yake shingo imepinda, kichwa kinatazama mgongoni. Akafa. Halafu wakaanza wengine, na matundu ya ule ua wa minyaa yakafanya kazi yake.

Sijui niseme vipi. Nilikuwa nawaokota asubuhi wakiwa wamekauka, na upande wa pili nasikia mayu naye akichimba. Jembe lake lilikuwa na mlio wa polepole. Kati ya kuku wake kumi na nne hakubaki hata mmoja. Kwangu walibaki saba, na mtaalamu alipokuja kutazama msiba wetu alisema huenda hao walichanjwa walikotoka kabla sijawaokoa. Waliokolewa na mwenye kuwauza. Watu husema wema hauozi. Wangu ulijaza shimo zima.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Nilitunga hotuba kama zile za mahafali, nikaiacha, nikavuka ua. Nilimkuta mayu anafagia zizi.

"Mayu," nikasema, "ni mimi niliyewaleta. Ule ugonjwa ni mimi."

"Najua ni wewe," akasema bila kusimamisha ufagio. "Kuku wangu mimi hawaijui njia ya mnadani."

Angenitukana ningeshukuru. Alifagia mpaka akafika mlangoni mwa zizi, akaegemea nguzo, akaonekana mzee kuliko nilivyowahi kumwona. Akasema, "Miaka miwili ile, mwalimu. Miaka miwili ya mayai ambayo sikuyala." Akarudi kufagia palepale alipokwisha kufagia.

Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, ingawa ni hatua kumi na tano. Na nitasema ukweli: nilikuwa nimelilia jicho la tetea barabarani, lakini mayu alipokuja getini amejifunga kanga yake vizuri, nilimsomea somo.

Mtaalamu aliwachanja wale saba, akatuambia tungoje miezi kadhaa kabla ya kuku yeyote kutoka au kuingia. Tukangoja. Ilipofika siku aliyoturuhusu, nikaenda kwa mayu nikamwambia achukue kuku wote.

"Nikiwachukua sitafuga," akasema. "Nitawapeleka wakawe mbuzi. Unaelewa hilo, au unataka nikuelezee kwa video?"

"Naelewa."

"Na kisu wanaweza kukutana nacho."

"Naelewa, mayu."

Sikuelewa, nilijikaza tu. Tulikwenda mnadani asubuhi na mapema, kuku saba ndani ya tenga jipya nililolinunua makusudi, pana, lenye majani laini chini. Tukampata mtu mwenye mbuzi jike mdogo, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji. Akawakagua kuku mmojammoja. Nilikuwa nimempanga yule wa kijivu nyuma kabisa, nimemfunika kwa majani, nikiomba asionekane. Jamaa akaingiza mkono moja kwa moja, akamtoa, akampima uzito. "Bila huyu sibadilishi," akasema. "Huyu amekula vizuri."

Alikuwa amekula ugali wangu miezi yote ile. Mayu akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Nikampa yule mtu na tenga lenyewe, nikamsihi asiwaning'inize. Akaapa kwa Mungu wake na kwa mama yake. Mnada uliofuata nilimwona akipita na lile tenga limejaa nyanya, na kuku wengine wapya wananing'inia kwenye usukani.

Lakini mbuzi yupo zizini. Siku ya kwanza alilia mpaka mtaa mzima ukalalamika, na mayu akasimama mlangoni pa nyumba yake akimsikiliza, mkono shavuni, anatabasamu peke yake. Hakunipa shukrani, wala sikuitegemea. Alinipigia tu kelele kupitia ule ua, "Mwalimu! Unasikia hilo lijinga?" Nikajibu nasikia.

Juzi mtaa wetu ulichanja. Watu wamenunua vifaranga upya, mimi nina watano na mayu tumempatia sita wa kuanzia. Tulikutana kwake, karibu na zizi, mbuzi ametoa kichwa kati ya nguzo akitushangaa. Nilijitolea niwe mkamataji. Kazi yenyewe ni rahisi: unamkumbatia kuku, unamlaza kichwa ubavu, mtaalamu anadondosha tone moja jichoni, unasubiri apepese, unamwachia. Inachukua muda mfupi kuliko kumwimbia jogoo aliye mgonjwa.

Katikati ya kazi nikasikia kengele ya baiskeli. Mchuuzi wangu wa kwanza kabisa. Alipunguza mwendo aliponiona, akageuza usukani kidogo ili kuku waelekee upande wangu. Wanne, vichwa chini. Mmoja akainua shingo.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye pindo la kanga yangu nilikofunga pesa.

"Mwalimu," mayu akasema, "kuku aliye mikononi mwako ndiye anayekungoja."

Nikauondoa mkono pindoni. Nikamlaza kifaranga wa mayu vizuri kwenye kiganja. Mchuuzi akasubiri kidogo, akapiga kengele mara moja tena, kisha akakanyaga pedali. Niliinamia kile kifaranga ili nisimwone akikata kona, lakini machozi hayakuomba ruhusa. Yakanidondoka tu hadharani, mbele ya mtaalamu, mtaa mzima na mbuzi.

Mayu akanisogelea, akanifuta shavu kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu, kama anayefuta sufuria.

"Dawa ni ya jicho la kuku, mwalimu," akasema. "Haya, leta mwingine."