Jino la Bibi na Kidirisha cha Kuchungulia

Babu yangu alizikwa akitanguliwa na sura ya mtuhumiwa. Kwetu Mbebe, milimani Ileje, jeneza halitoki nyumbani bila picha ya marehemu kubebwa mbele katika fremu, na familia ilipotafuta picha ya babu haikupata nyingine ila ile ya kitambulisho. Ikakuzwa mpaka ikalingana na sinia la chai. Babu, mtu aliyekuwa akicheka hata kanisani, alitukazia macho njia nzima hadi makaburini kana kwamba ametukamata na ng'ombe wake.

Matanga yalipokwisha bibi aliniita jikoni.

"Mume wangu," alisema, maana mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake na utani huo hauna likizo, "mimi hamtanibeba hivyo. Utanipiga picha wewe. Nikiwa nacheka. Na hili lionekane."

Akanionyesha jino. Lilikuwa la mbele, la juu, limebaki peke yake baada ya wenzake kuondoka. Refu, limeinama kidogo upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Babu yako ananijua kwa hili," akasema. "Likidondoka kabla ya picha, na mkanibeba na mdomo mtupu, huko atanipita kama mgeni."

Ningeweza kumpiga palepale kwa simu. Nalisema mapema ili nisisubiri kuulizwa. Simu ilikuwa mfukoni, mwanga ulikuwa mzuri, jino lilikuwa imara. Lakini mimi ni mtu ambaye nikiandika ujumbe wa pole huufuta na kuuandika upya mpaka wafiwa wanacheka tena. Halafu simu yangu ina tabia ya kulainisha nyuso bila kuombwa. Niliijaribu kwa bibi siku hiyo, ikamfuta makunyanzi yote, akatoka kama tango.

"Nitanunua kwanza kamera ya kweli," nikamwambia.

"Nunua upesi. Jino halina subira kama yangu."

Nikarudi Tunduma, kwa mama, nyumbani kwetu Chapwa, nikaanza kuchagua. Sikuwahi kufundishwa upigaji picha na mtu. Nilijifunza kwa kutazama video, nimeegemea tangi la maji nyuma ya nyumba ambako mtandao unashika, na mtu anayejifunza hivyo hupata shida moja: anajua kila kosa linaloweza kutokea kabla hajapata nafasi ya kulifanya.

Nilijua ninachotaka. Kwanza, iwe ndogo, ya kuingia mfuko wa koti, niweze kutembea nayo kila siku. Tunduma si mji wa kuzunguka na kamera kubwa. Ukiinyanyua karibu na mpaka, madereva wa malori wanageuka, wabadilisha fedha wanafunika nyuso, na mtu usiyemfahamu anakuuliza umetumwa na nani. Pili, iwe ya kurekebishwa kwa mkono. Kamera inayojiamulia mambo, ikiona ukungu mweupe wa Mbebe nyuma ya bibi, ingedhani mwanga umezidi, ikapunguza, na bibi akabaki kivuli chenye kilemba. Tatu, iwe na kidirisha cha kuchungulia, kile unachobandika jicho. Juani kioo cha nyuma ya kamera, kile kinachoonyesha picha, hugeuka kuwa kioo cha kunyolea. Unachokiona ni uso wako mwenyewe ukihangaika.

Mambo matatu tu. Mwenye akili timamu angemaliza kazi kwa wiki. Mimi nilipata kamera ndogo isiyo na kidirisha, nikaiacha. Nikapata yenye kidirisha lakini haikubali kuamriwa, nikaiacha. Nikapata yenye vyote, kisha nikasoma maoni ya mtu mmoja, sijui yuko nchi gani, aliyesema kitufe chake cha kuwashia kinamkera. Nikakosa usingizi kwa ajili ya kitufe cha mtu yule.

Bibi alikuwa akipiga simu.

"Limeanza kucheza," alisema mvua zilipoanza.

"Linacheza sana au kidogo?"

"Linacheza kama kwaya ya vijana. Umenunua?"

"Nalinganisha, bibi."

"Unalinganisha na nini? Jino liko moja!"

Ili kulitunza aliacha kila kitu kigumu. Aliacha mihogo, akaacha nyama, akaacha mahindi ya kuchoma, ambayo kwa bibi ni zaidi ya chakula. Ni haki yake. Akaishi kwa uji na ndizi mbivu. Mama, anayeuza mchele sokoni na hana muda wa maneno mengi, alinisimamia mlangoni siku moja na ungo mkononi.

"Mama yangu anakonda," alisema. "Unamuua kwa njaa ili umpige picha ya kumzikia."

Hatimaye kamera niliiona Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni kwetu. Ilikuwa kwenye kreti la mitumba ya umeme, katikati ya pasi na mashine za kunyolea. Muuzaji wake ni Mzambia anayekijua Kiswahili cha biashara kuliko mimi.

"Mulishani," nikamsalimu.

"Bwino, kaka. Chukua hiyo, imekungoja wewe."

Sikuichukua. Niliishika, nikazungusha kila kinachozunguka, nikamwomba asimame juani, kisha kivulini, kisha nusu na nusu, nikimpiga picha. Nikarudi siku nyingine nikamsimamisha tena. Nikarudi na kitambaa nikafuta lenzi yake, muuzaji akitazama.

"Kaka," aliniuliza, "unanunua au unaoa?"

"Nikiinunua ikawa na kasoro je?"

"Hata mimi nina kasoro, na mke wangu hajanirudisha."

Nikaenda kufikiri. Nikiwa bado nafikiri, bibi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na bibi hana sauti ndogo.

"Mume wangu, leo nimepiga chafya. Likapepea kama pazia."

Nikakimbia Nakonde. Muuzaji aliponiona alianza kusimama juani bila kuambiwa. Nikamwambia keti, nanunua. Alishangaa hadi akasahau kunipandishia bei.

Kesho yake nilipanda gari la Ileje na kamera ndani ya soksi, soksi ndani ya koti. Bibi alikuwa tayari. Alivaa gauni lake la kanisani la bluu na kilemba alichokifunga kwa umakini wa mtu anayefunga zawadi. Nikamweka kwenye kigoda nje, mgongo kwenye migomba, ukungu ukiwa umeanza kupanda. Nikazima kioo cha nyuma. Ndiyo, nilikizima makusudi. Kwenye video walisema mpiga picha wa kweli haangaliangalii kioo baada ya kila picha. Anaamini jicho lake. Nilitaka sana kuwa mpiga picha wa kweli, hata kama shahidi ni bibi na kuku.

Nikasogea karibu, jino lionekane vizuri. Nikabandika jicho. Kila kitu kilikuwa mahali pake: kilemba, macho, mashavu, jino. Nikazungusha mwanga. Nikabadili kasi. Nikarudisha mwanga.

"Nacheka mpaka lini?" bibi aliuliza bila kufunga mdomo.

"Subiri kidogo, bibi, wingu."

"Nitafia hapa, ukute bado unazungusha. Kisha unizike na kamera hiyo!"

Akacheka kwa utani wake mwenyewe, kicheko kamili, na mimi nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nikamwambia tumemaliza, akaniuliza mara mbili kama kweli tumemaliza. Nikamwambia, bibi, pumzika.

Nikaingia ndani kwenye giza la sebule, ambako kioo kingeonekana vizuri, nikakiwasha.

Bibi hakuwa na kichwa. Picha ya kwanza ilianzia puani kushuka chini: pua, kicheko, jino, shingo, gauni. Ya pili vilevile. Zote. Mdomo mtukufu, unang'aa, kila kunyanzi la midomo lina uhai wake, na juu ya pua hakuna mtu.

Sababu niliijua papo hapo, na hapo ndipo uchungu ulipozidi. Kidirisha kile kinakaa juu ya lenzi. Kwa kitu cha mbali, viwili hivyo vinaona karibu sawa. Ukisogea karibu, kidirisha kinaona juu na lenzi inaona chini, hivyo vichwa hukatwa. Nilikuwa nimetazama video nzima kuhusu jambo hilo. Ningeweza kulifundisha.

Si neno, nikajiambia, jino bado lipo, tunarudia. Ndipo nikasikia harufu. Nje, bibi aliyeachiwa huru alikuwa ameshapuliza makaa, na hindi lilikuwa limeshaiva.

"Bibi, usile!" nikapaza sauti nikikimbia.

Alikuwa ameshauma. Akanitazama, mashavu yamejaa. Akatafuna kidogo, akasimama, akaingiza vidole mdomoni, akatoa punje mbili na jino.

"Limemaliza kazi yake," alisema kwa amani. Akaona uso wangu. "Si limemaliza?"

Nikamwonyesha picha. Aliitazama kamera, akaitazama nyuma yake, kama vile kichwa chake huenda kimebaki huko.

Siku ile hakusema nami tena. Uji aliniwekea mlangoni.

Asubuhi nilimkuta kwenye kigoda kilekile, gauni lilelile, kilemba kilekile. Bibi aliwahi kushona nguo za watoto wa kijiji kizima, na tatizo lolote duniani hulitazama kama kitambaa kilichopungua.

"Sehemu ya chini unayo?"

"Ninayo, bibi. Nzuri sana."

"Basi piga ya juu, uunganishe. Na utazame kioo, mshenzi wewe."

Nikawasha kioo. Nikarudi nyuma hatua. "Bibi, cheka kidogo, macho yalingane na..."

"Nicheke na nini?"

Nikapiga.

Kuunganisha nilijifundisha pia. Kwa muda mrefu niliishi kwenye kompyuta chini ya pua ya bibi yangu, nikilainisha mshono, nikiukwaruza tena kwa kuogopa tango. Mshono ulipotea. Kilichokataa kupotea ni macho. Chini mwanamke anacheka kwa moyo wote. Juu, mwanamke yuleyule anatafuta fimbo. Nilimwonyesha mama nikiwa tayari kuomba radhi. Mama aliweka ungo chini, akaitazama.

"Hivi ndivyo alivyo," alisema. "Hivi ndivyo alivyonilea."

Nikaichapisha, nikaitia fremu, nikaipeleka Mbebe. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Nami nikashindwa kunyamaza, nikamwambia kila kasoro kabla hajaiona: rangi ya shavu la kushoto, ukungu usiolingana, na zaidi ya yote macho.

"Macho yamekasirika, bibi. Hayaendi na mdomo."

"Yaache," alisema, akiitundika mwenyewe ukutani kando ya babu. "Kuniacha peke yangu hivi! Nikimkuta nitaanza na macho. Akishaogopa, ndipo nimwonyeshe jino."

Kisha akaenda kuchoma hindi, ambalo siku hizi analipukuchua na kulila kwa ufizi, punje moja moja, na wala hana dalili ya kwenda popote.