Sifa za Mtoto Mnene

Nakumbuka siku moja ya mavuno kule Moi's Bridge, mwanangu, nikiwa mama mchanga mwenye mtoto wa kwanza. Wekesa alikuwa amezaliwa nyumbani siku chache tu kabla, mkubwa ajabu. Shemeji zangu, ambao kazi yao ilikuwa kupima na kushona magunia, walimfunga kwenye shuka wakamning'iniza kwenye mizani ya mahindi. Kilo tano na zaidi! Majirani wakapiga makofi, na mimi kichwa kikavimba. Nani hapendi kusifiwa?

Lakini kuna kitu kilikuwa kikinisumbua. Akinyonya kidogo tu anaachia titi, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Nikiuliza, naambiwa, "Huyo ni mnono tu, Mama Wekesa. Wanono hutoka jasho."

Mama mkwe wangu hakucheka. Alimtoa mtoto kwenye mizani, akamtazama midomo, kisha akawageukia wanawe.

"Nyinyi mnapima mahindi ama mtu? Hamuoni vile midomo yake iko bluu? Tafuteni gari, tunaenda hospitali ya Plateau saa hii!"

Kule hospitali ya misheni daktari alisikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu. Moyo ulikuwa na tundu. Akaniuliza kama nilikuwa na kiu sana nikiwa mjamzito. Nilikuwa nikinywa maji kama ng'ombe, sikujua ni sukari. Akanieleza kwamba sukari ya mama humnenepesha mtoto tumboni, na ikiwa juu tangu mwanzo inaweza kuharibu moyo unapoumbika. Niliogopa, mwanangu. Wekesa alifanyiwa upasuaji, na tunashukuru alipona.

Kwa hivyo majirani zako huko mtaani West Indies wakilisifu tumbo lako, washukuru, kisha uende kliniki upimwe sukari mapema. Usinielewe vibaya: watoto wengi wakubwa ni wazima kabisa. Lakini mkubwa naye achunguzwe vizuri kama yule mdogo ambaye kila mtu anamhurumia. Na ukiona kitu hakikai sawa, sema, hata kama nyumba nzima inashangilia.

Mungu abariki tumbo lako, akupe mtoto mzima. Na akikupa mama mkwe mkali, mshukuru mara mbili.