Filta Iliyompendezesha Mama

Miaka ile ya sabini sikuwa mtu wa kuambiwa kitu kuhusu picha. Nilikuwa na studio yangu Mbeya, kamera nzuri, na filta moja niliyoinunua kwa fundi mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao baada ya reli kukamilika. Ni kioo cha duara, chekundu kwa mbali, unakifunga mbele ya lenzi. Ukipiga picha ya rangi, udongo unaiva, nyanya zinawaka, na ngozi ya mtu inang'aa kama ametoka kuoga na kujipaka mafuta. Wapiga picha wenzangu hawakuwa nayo, nami sikuwaonyesha.

Mama aliishi Ilula, njia ya Iringa. Kaka yangu mkubwa alikuwa Makongolosi akichimba dhahabu, na misimu miwili ilikuwa imepita hajafika nyumbani. Nilipokwenda kumsalimia mama nilimkuta amekonda. Akasema ni uchovu wa shamba tu, akaniomba nimpige picha nimtumie kaka.

"Vaa basi ile khanga mpya," nikamwambia.

"Sivai. Nipige hivi hivi nilivyo."

"Mama, hii ni picha ya rangi. Cheka kidogo."

"Nimesema hivi hivi, mwanangu."

Akakaa kwenye kigoda mlangoni, mikono magotini, akaikazia kamera macho. Nilikasirika. Mwanawe ni mpiga picha, halafu yeye anataka kutoka kama mtu wa picha ya paspoti? Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, mpaka midomo. Niliiona rangi ile kwa macho yangu, nikaihesabu kuwa kasoro ya picha. Nikafunga filta, nikapiga tatu, naye hakujua.

Filamu za rangi tulizipeleka Dar es Salaam kusafishwa, unangoja wiki kadhaa. Picha ziliporudi nilicheka peke yangu studioni kwa furaha. Mashavu ya mama yameiva, midomo ina damu. Moja nikamtumia kaka. Nyingine nikaikuza, nikaiweka kwenye dirisha la mbele, na wateja wakaongezeka.

Kaka akajibu kwamba moyo wake umetulia kumwona mama amenawiri hivyo, na kwamba atakuja mvua zikiisha.

Mama alifariki kabla mvua hazijaisha.

Kaka alifika tumeshazika. Hakulia. Aliitoa picha mfukoni mwa shati, akaiweka kwenye mkeka mbele yangu.

"Hii uliipiga lini, mdogo wangu?"

Nikamwambia. Akahesabu miezi kwa vidole, akarudia kuhesabu.

Mama mdogo, aliyemuuguza mama mpaka mwisho, akaiokota. "Huyu si dada yangu," akasema. "Dada yangu wakati huo alikuwa hana damu."

Ndipo akatueleza. Kwetu ugonjwa hauandikwi kwenye barua. Barua ya nyumbani inaanza na "sisi huku wazima, hofu ni kwako uliye mbali," hata kama anayeiandikisha hawezi kuinuka kitandani. Mama alijua anakwisha, akataka kumwona mwanawe, na njia ya kusema hakuwa nayo.

"Aliniambia, barua haitasema, picha itasema. Akiniona nilivyo, atakuja mwenyewe."

Hivi hivi nilivyo. Nilidhani ni ukaidi wa kizee, kumbe alikuwa anamwita mwanawe, na mimi nikamziba mdomo kwa kipande cha kioo. Kaka hakunigombeza. Afadhali angenipiga.

Baada ya matanga nilirudi Mbeya. Nilimkuta mama mmoja wa makamo amesimama nje ya studio, amejitanda vizuri, ananingoja. Akanyoosha kidole kwenye dirisha.

"Mwanangu," akasema, "nataka nitoke kama yule pale. Nina mtoto yuko mbali, nataka anione nina afya kama huyo mama."